Banda si Gobori: Tuziiteje Bunduki za Msituni?

Mwalimu mmoja anayefundisha shule ya msingi si mbali na Kibugu, kaunti ya Embu, ameniandikia akiwa na shida ya tafsiri. Aliwapeleka wanafunzi wake makumbusho, wakafika kwenye kabati la kioo lenye silaha za vita vya Mau Mau. Humo ndani palikuwa na kipande cha paipu kilichofungwa kwa waya juu ya mbao iliyochongwa, pamoja na kadi ya Kiingereza iliyosema kwamba hiyo ni bunduki iliyotengenezwa nyumbani. Mwalimu akawafasiria watoto hivyo hivyo, neno kwa neno. Msichana mmoja akauliza, "Nyumbani kwa nani, mwalimu?" Wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu naye anataka kujua: bunduki ile iitweje kwa Kiswahili?

Nakiri kwamba swali hili nimelipenda kuliko mengi yanayoletwa kwenye safu hii, na sababu mojawapo ni kwamba Kibugu ni kwetu. Anayekwenda huko kutoka mji wa Embu hupanda akiuelekea Mlima Kenya, akaiacha kahawa chini na kuingia kwenye majani chai, na juu ya majani chai ni msitu. Miaka ya hamsini mpaka huo wa shamba na msitu ndio uliokuwa mpaka wa vita. Sababu ya pili ni kwamba yule msichana amegusa jambo ambalo wataalamu wa makumbusho na sisi wa lugha tumelipita kimya kimya. Kadi ndogo iliyo chini ya kioo ni maandishi ya historia kama kitabu, tena husomwa na watu wengi kuliko vitabu vingi.

Kabla sijaendelea, neno moja kuhusu 'makumbusho'. Hapa Kenya wengi husema 'makavazi', na hata magazeti huyachanganya maneno haya mawili. Wengine hutenga makavazi yawe mahali pa kuhifadhi nyaraka na makumbusho yawe mahali pa kuonyesha vitu. Mimi nashikilia makumbusho. Neno hilo limetokana na kumbuka, likapita kwenye kumbusha, na ndani yake kuna mtu anayemfanya mwenzake akumbuke. Linadai kazi ifanywe, halitulii kama ghala.

Sasa tuingie kwenye bunduki zenyewe. Kiswahili si maskini wa majina ya bunduki, na anayedhani tuna neno moja tu hajaketi na kamusi za zamani. Tukianza na 'bunduki', tumelipata kwa Waarabu. Kwao bunduq ilikuwa kokwa, aina ya njugu ya mti, kisha likawa jina la vidonge vidogo vya kurushia ndege, na mwishowe likahamia kwenye silaha inayorusha vidonge vya moto. 'Risasi' nayo ni jina la madini kabla ya kuwa jina la kinachoua, maana rasas kwa Kiarabu ni ile metali nzito na laini ambayo hadi leo fundi wa betri anaiita risasi. 'Kasiba', yaani mtutu, ni tete au mwanzi kwa asili yake ya Kiarabu. 'Bastola' ililetwa na Wareno. Kila sehemu ya chombo hiki ina cheti chake cha safari.

Raha zaidi ni majina ya aina za bunduki. Wazee wa pwani walizipanga kwa namna moto unavyowashwa. Ya kwanza ni bunduki ya mrao. Mrao ni utambi unaowaka polepole, na mpigaji akivuta mtambo utambi huo huinama ukagusa baruti. Kisha ikaja bunduki ya gumegume, inayotumia jiwe la kutoa cheche. Kisha bunduki ya fataki, yenye kifuko kidogo cha shaba kinacholipuka kikigongwa. Mtu anayejua majina haya matatu anajua historia ya karne nne za ufundi wa silaha bila kufungua kitabu cha historia. Na ukiwasikia watu wa Bara wakimsema mwanamume asiye na faida kuwa ni gumegume, mimi sioni ajabu. Siku ya mvua bunduki ya jiwe hugonga tu bila kulia.

Bunduki za mrao ndizo zinazowavutia wengi katika makumbusho ya dunia. Oman walizitengeneza na kuzipamba hadi mapambo yakaizidi kazi. Kasiba ndefu na nyembamba huzungushiwa pete za fedha kutoka kwenye kitako hadi karibu na mdomo, na mbao husuguliwa zikang'aa. Wenyewe huziita abu fitila, yaani 'mwenye utambi'. Ukienda Bait Al Zubair, makumbusho ya jijini Muscat, utaziona zimepangwa karibu na majambia ya fedha kama vito vya bibi harusi. Ndugu zake zilifika kwetu pamoja na utawala wa Waomani, walioiteka Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Ngome yenyewe Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Leo ni makumbusho, na mizinga yake bado inaelekezwa baharini, ingawa siku hizi inayopandiwa ni picha za wanafunzi wa ziara.

Hapo pwani palitokea neno ambalo limesafiri hadi kwetu mlimani. 'Mzinga' kwa asili ni gogo lililotobolewa ndani, likatundikwa mtini ili nyuki waingie. Wapwani walipoona chuma kikubwa chenye tundu, waliona mzinga wa nyuki. Ndipo tukapata mizinga ya vita, na hata ile mizinga 21 ya kumkaribisha mgeni wa taifa. Neno hilo likapanda na misafara kuelekea bara, likafika kwa Wagikuyu na kwa sisi Waembu likiwa mucinga. Huku kwetu mucinga si mzinga wa nyuki, huo tunauita mwatu, wala si mzinga mkubwa wa ngomeni. Mucinga ni bunduki ya begani. Silaha kubwa ya Mombasa ilipungua njiani, ikafika Embu inabebwa na mtu mmoja!

Misafara hiyo ilikuwa na bunduki nyingi mno. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza huko Zanzibar, Charles Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa takataka za majeshi ya Ulaya. Ulaya walikuwa wamehamia kwenye bunduki za kujazwa risasi kwa nyuma, kwa hiyo zile za kushindilia baruti mdomoni kwa mdeki zikauzwa kwetu kwa pembe za ndovu na kwa watu. Hizo za kushindilia ndizo Kiswahili kinaziita gobori, au korofindo. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels yakaweka mkataba wa kuzuia silaha za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika. Kwa maneno ulikuwa mkataba wa kupinga biashara ya utumwa. Kwa vitendo uliwaacha Waafrika na gobori wakati mkoloni anakuja na bunduki ya risasi nyingi na bombomu.

Waembu walilijua hilo mwaka 1906. Askari wa King's African Rifles walipanda huku, wakakutana na watu wenye mikuki, simi, ngao na mishale ya sumu. Vita havikudumu. Ng'ombe na mbuzi walichukuliwa, boma la serikali likajengwa Embu mwaka huohuo, na tangu hapo mucinga ikawa kitu cha upande mmoja. Mwembu angeweza kuisafisha bunduki, kuibeba na kuipiga vitani Burma akiwa askari wa mfalme. Kuimiliki hapana.

Ndipo tunafika kwenye paipu ya lile kabati.

Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Waruhiu Itote, ambaye baadaye alijulikana kama Jenerali China na ambaye alikuwa amepigana Burma, alikuwa ameshaingia msitu wa Mlima Kenya miezi michache kabla. Vikosi vya upande huu wa mlima, Embu na Meru pamoja, vilikuwa chini yake hadi alipokamatwa Januari 1954. Huku Embu jina kubwa lilikuwa la Njagi wa Ikutha, Jenerali Kubukubu. Shida ya wote ilikuwa moja: watu walikuwepo, bunduki hazikuwepo. Chache ziliibwa, chache zilinunuliwa kwa siri, nyingine zilitekwa, kama pale kituo cha polisi cha Naivasha kilipovamiwa tarehe 26 Machi 1953. Hazikutosha hata kidogo.

Kwa hiyo mafundi wakaketi chini. Mtutu ulitoka kwenye paipu ya maji. Kitako kilichongwa kwa mti mgumu. Komeo la mlango liligeuzwa kuwa kitu cha kugonga risasi, na mpira wa tyubu ya gurudumu, uliokatwa vipande vyembamba, ukachukua kazi ya springi. Waya ulifunga kila kitu. Ukiitazama haraka utaiona kama mchezo wa watoto. Ukiitazama kwa makini utaona mtu aliyeifungua Lee-Enfield ya Waingereza akilini mwake, akaelewa kila kipande kinafanya nini, kisha akazunguka kijijini kutafuta kitu kingine kinachoweza kufanya kazi hiyo. Huo ni usomi, tena wa hali ya juu.

Nisije nikaipamba kupita kiasi. Risasi iliyotumika mara nyingi ilikuwa ile ya jeshi ya inchi 0.303, na paipu ya maji haikutengenezwa kuvumilia nguvu kama hiyo. Nyingine zilipasuka mkononi mwa mwenyewe. Mtutu wenye uso laini ndani, bila ile michirizi inayoizungusha risasi, hauwezi kulenga mbali. Wapo waliobeba bunduki ya mbao tupu isiyolia kabisa, ili adui akiona kikosi kwa mbali ahesabu bunduki kumi badala ya mbili.

Wapiganaji hawakuziita bunduki hizi za nyumbani. Waliziita banda. Neno hilo limo katika kumbukumbu zilizoandikwa na watu wa msituni wenyewe, na lilikuwa sehemu ya msamiati mzima wa siri. Bastola ilikuwa kamwaki, yaani kamoto kadogo. Bunduki kubwa ya kuwindia ndovu ilikuwa gatua-uhoro, maana yake kiamua-shauri, kitu kinachoyakata maneno. Risasi ziliitwa makara. Makara ni makaa.

Kuhusu makaa nilizungumza mwaka huu na cucu mmoja wa Kibugu, ambaye wakati huo alikuwa msichana wa kupeleka chakula ukingoni mwa msitu. Aliongea Kiembu, nami nafasiri. Nilimuuliza kama alijua alichokuwa akibeba chini ya viazi.

"Niliambiwa ni makara, nikasema sawa, ni makara."

"Lakini ulijua, cucu?"

"Mwanangu, makaa hayana uzito ule. Nilijua. Ila mtu akikuuliza barabarani, mdomo useme ulichoambiwa. Ukikutwa na moja tu unanyongwa."

Hakutia chumvi. Chini ya kanuni za hali ya hatari, kupatikana na bunduki au risasi bila kibali lilikuwa kosa la kifo. Mwanahistoria David Anderson, aliyepitia faili za kesi hizo, anahesabu watu 1,090 walionyongwa kwa makosa yanayohusiana na Mau Mau. Mamia kati yao hawakushtakiwa kwa kuua mtu yeyote. Walishtakiwa kwa kupatikana na kitu. Dedan Kimathi mwenyewe, aliyekamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 na kunyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, hakuhukumiwa kwa kuongoza vita. Alihukumiwa kwa bastola moja aina ya Webley na risasi sita. Mashtaka ya kiongozi wa jeshi la msituni yalikuwa ya leseni.

Hapa lugha inanivuta kando kidogo. Kwa Kiingereza, kitu kinacholetwa mbele ya hakimu na kitu kinachowekwa kwenye kabati la makumbusho huitwa kwa neno lilelile moja. Sisi tunavitenganisha. Mahakamani ni kidhibiti, maana kinamdhibiti mshtakiwa asiponyoke. Makumbusho hatukiiti hivyo. Lakini mtu akisimama Nyeri, ambako jengo la makumbusho lilikuwa zamani mahakama ya Waafrika iliyojengwa miaka ya 1920, tofauti hiyo inakuwa nyembamba sana. Bunduki nyingi za paipu zilizoko leo kwenye hifadhi za dunia, zikiwemo zile za Imperial War Museum jijini London, zilichukuliwa kutoka kwa watu waliokamatwa au waliouawa. Zilianza maisha ya makumbusho zikiwa vidhibiti au nyara. Chache zilikabidhiwa kwa hiari, kama pale wapiganaji walipotoka msituni Desemba 1963, siku chache baada ya uhuru, wakakusanyika uwanja wa Ruring'u, Nyeri.

Basi tuyapime majina yanayopendekezwa.

'Bunduki ya nyumbani' silitaki. Msichana wa Kibugu alikuwa sahihi kuuliza ni nyumbani kwa nani. Katikati ya mwaka 1954 serikali iliamua kuwahamisha watu wa Gikuyu, Embu na Meru kutoka kwenye makao yao na kuwaweka katika vijiji vilivyolindwa. Katika muda wa miezi kumi na mitano hivi zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamehamishiwa kwenye vijiji zaidi ya 800. Nyumba za zamani zilibomolewa au kuchomwa. Ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya wanakijiji walilazimishwa kuchimba handaki la urefu wa maili 50, likajazwa vijiti vya mianzi vilivyochongoka, ili chakula kisipande na watu wasishuke. Wakati ule palikuwa na kambi, kijiji cha ulinzi, gereza na msitu. Nyumbani ndipo mahali pekee ambapo bunduki hii isingeweza kutengenezwa.

'Bunduki ya kienyeji' inasikika vizuri, kama kuku wa kienyeji. Tatizo ni kwamba siku hizi neno hilo limeshikwa na taarifa za polisi. Kila jambazi akikamatwa na kibomba chake tunasoma ati alikuwa na bunduki ya kienyeji. Sitaki mtoto aende makumbusho akaona silaha ya babu yake imepewa jina la silaha ya mnyang'anyi wa usiku. Mkoloni alitaka tuone hivyo hivyo, na ilichukua muda mrefu kumtoa kwenye sheria zetu: marufuku ya Mau Mau kama chama haramu iliondolewa mwaka 2003, miaka arubaini baada ya uhuru.

'Bunduki bandia' ni mbaya zaidi. Bandia ni kitu cha kuigiza. Zile za mbao tupu, sawa, ziitwe bandia. Lakini iliyopiga risasi ikaua au ikaukata mkono wa mwenyewe haikuwa ya kuigiza.

Wapo watakaosema gobori, na hoja yao ina nguvu kidogo. Tanzania gobori, au gobole kama wengi wanavyolitamka, hadi leo ni jina la bunduki zinazofuliwa na wahunzi wa vijijini kwa ajili ya kuwindia na kulinda mashamba. Mhunzi yupo, paipu ipo, kwa nini lisitufae? Halitufai kwa sababu gobori hushindiliwa baruti kupitia mdomoni. Banda ilikula risasi ya kiwandani kwa nyuma, kama bunduki ya jeshi ambayo iliigwa. Tukiiita gobori tunairudisha nyuma miaka mia moja, tunamwambia mtazamaji kwamba mafundi wa mlimani walikuwa bado wanatumia ujuzi wa misafara ya pembe. Walikuwa wanashindana na kiwanda cha Enfield. Walishindwa kwa vifaa, si kwa kuelewa.

'Bunduki ya kujitengenezea' naiona ni maelezo yanayokubalika. Inataja mtu, angalau, aliyeifanyia kazi haja yake mwenyewe. Ila ni maelezo, si jina. Jina ni banda, na sioni kwa nini tutafute lingine wakati waliozibeba walikwisha zipa. Najua msomaji atasema Kiswahili tayari kina banda la ng'ombe na banda la maonyesho. Naam, na pia kina paa la nyumba na paa wa porini, na hakuna aliyewahi kuwinda bati. Ngeli itatusaidia. Banda la ng'ombe liko katika ngeli ya li-ya. Hii ya msituni tuiweke pamoja na bunduki na bastola katika i-zi: banda hii, banda hizi. Waandishi wa kamusi waongeze maana moja, basi.

Kuna jambo jingine kwenye kadi hizi, nalo linaniudhi kuliko jina. Ukitazama bunduki zilizopambwa, kadi yake hujaa. Utasoma fedha ilitoka wapi, mtindo ni wa mji gani, ilikuwa ya mtawala yupi. Bunduki za viwandani nazo hujitaja zenyewe kwa mihuri iliyopigwa kwenye chuma: kiwanda, mwaka, namba. Banda haina muhuri. Kadi inaandika 'Mau Mau' na mwaka wa kukisia, imekwisha, kana kwamba msitu mzima uliitengeneza kwa pamoja. Na sisi watazamaji tunasimama mbele ya pete za fedha dakika tano, mbele ya paipu nusu dakika. Mimi napenda pete za fedha, sikatai. Lakini yule fundi wa fedha alikuwa na karakana, mteja na muda. Mwenzake wa mlimani alifanya kazi akijua akikutwa na kile kipande cha paipu hatapata nafasi ya kueleza kwamba ni cha maji.

Nani alizitengeneza? Wengine walikuwa maseremala, wengine waliwahi kufanya kazi gereji Nairobi au jeshini. Na wengine walikuwa aturi, wahunzi wa ukoo. Huku kwetu muturi hakuwa fundi tu. Aliheshimiwa na kuogopwa, na laana yake ilihesabiwa nzito kuliko ya mtu wa kawaida, kwa sababu anayefua mkuki ana neno juu ya mahali mkuki unapokwenda. Nadhani hapo ndipo penye maelezo ambayo hakuna kadi inayoyatoa. Banda ilikuwa ni kazi ya watu waliokuwa na ujuzi wa chuma kabla ya boma la 1906, wakaupeleka kwenye chuma kipya.

Nilimuuliza cucu kama alimjua muturi yeyote wa upande wa Kibugu aliyefanya kazi hiyo. Alisema anamjua vizuri, na kwamba wajukuu wake wako, tena mmoja anachuma majani chai jirani naye. Nikamwomba jina, nikimweleza kwamba siku hizi hakuna ubaya, sheria ilibadilika zamani, makumbusho wangefurahi kuliandika.

"Sheria ya nani?" akaniuliza. "Mimi niliapa kabla ya hiyo sheria yenu."

Sikumsukuma. Mzee akishasema ameapa, mtoto wa Kibugu hanyanyui swali la pili. Lakini nimemwandikia mwalimu, na nikipata nafasi nitawaambia na wahifadhi: kadi iandikwe 'Banda. Bunduki ya kujitengenezea, msitu wa Mlima Kenya, miaka ya 1950. Paipu ya maji, mbao, komeo la mlango, mpira wa tyubu, waya.' Chini yake iwepo 'Fundi', na mbele ya neno hilo pasiandikwe 'hajulikani'. Paachwe wazi. Anajulikana.